Ubuluu wa Milima ya Mbali Si Kosa

Kutoka Irente, ukingoni mwa milima ya Usambara karibu na Lushoto, mashamba ya mkonge ya Mazinde yanaonekana chini kabisa, na nyuma yake nyika ya Wamasai imetanda hadi jicho linaposhindwa. Majani ya ukingoni ni ya kijani, vilima vya katikati vimefifia, vya mwisho ni vya buluu tu. Wengi wanaopiga picha hapo hulalamika kwamba imepauka, kisha huisugua kwenye programu mpaka nyika nzima ing'ae. Naona wanatibu ugonjwa usiokuwapo na kuuacha uliopo. Ubuluu ule ndio rangi ya umbali. Rangi inayoharibika ni ya vitu vya karibu, na mara nyingi mharibifu ni kamera yenyewe, inapojitia kusaidia.

Sababu ya ubuluu huo inajulikana tangu 1871, Lord Rayleigh wa Uingereza alipoonyesha kwamba chembe ndogo sana, kama zilivyo molekuli za hewa, hutawanya zaidi mwanga wa mawimbi mafupi. Kwa kanuni yake, buluu ya nanomita 450 hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko nyekundu ya nanomita 650. Basi mwanga unaotoka kwenye kilima cha mbali hupungua njiani, na papo hapo hewa iliyo kati yako nacho huongeza juu yake mwanga wa jua ilioutawanya. Kuongeza huko ndiko kiini cha jambo lote: kivuli cha bonde ambacho kingekuwa cheusi hujazwa buluu, na kadiri bonde lilivyo mbali ndivyo linavyojazwa zaidi. Kiangazi, nyasi zinapochomwa, moshi na vumbi huleta chembe kubwa zaidi, ambazo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Ndiyo maana utando wa siku hizo huwa mweupe au wa kijivu.

Sasa tazama kamera inavyofanya ikiachiwa ijipangie weupe. Inaona fremu iliyojaa buluu, inadhani jua lenyewe ni la buluu, nayo inakuza nyekundu na kupunguza buluu katika picha nzima. Lakini mwanga ulioangukia majani na mawe ya ukingoni haukuwa na kasoro. Kamera inajaribu kuondoa kwa kuzidisha kitu kilichoingia kwa kujumlishwa, tena kilichojumlishwa kwa viwango tofauti kulingana na umbali. Hesabu hiyo haiwezi kutoka sawa: majani yanageuka manjano, na milima inabaki na kijivu kichafu kisicho cha popote. Ni afadhali kuweka alama ya jua, au kama Kelvini 5,500, na kuiacha hapo kwa matembezi yote. Joto la rangi ya alfajiri na jioni nalo litabaki lilivyo. Simu nyingi zina mpangilio huo ndani ya hali ya kitaalamu. Anayehifadhi faili ghafi anaweza kuamua baadaye, mradi achukue kipimo cha weupe kwenye jiwe la karibu linalopigwa na jua, si kwenye kilima.

Wapo watakaosema dawa ni kichujio. Kile cha kuzuia miali ya urujuanimno kilikuwa na kazi enzi za filamu. Kamera za dijitali huizuia zenyewe kwa kiasi kikubwa. Kichujio cha polaraizi ni jambo jingine, kwa sababu mwanga uliotawanywa na molekuli huwa na mwelekeo maalumu wa mitetemo, hasa upande ulio nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Kwetu, karibu na Ikweta, hilo lina matokeo ya ajabu kidogo: jua likiwa utosini, upeo wote wa macho uko kwenye nyuzi hizo, kwa hiyo saa ile ya mchana inayodharauliwa na wapiga picha ndiyo kichujio hiki kinapoweza kufanya kazi pande zote. Asubuhi pale Irente, jua likiwa mgongoni na nyika mbele, hakisaidii sana. Na utando wa moshi hakiuwezi, kwa kuwa chembe kubwa huvuruga mwelekeo huo.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba jicho halioni utando mwingi kama picha, kwani ubongo huuzoea na kuupuuza, hivyo kuupunguza si udanganyifu. Nakubali, ila kwa kiasi. Kitufe cha kuondoa ukungu kikitumika kwenye fremu nzima hukoleza hata majani yasiyokuwa na ukungu wowote, na hugeuza anga kuwa buluu ya rangi ya mlango. Chagua sehemu ya mbali peke yake, shusha weusi wake taratibu, na kama buluu inakolea pamoja na vivuli, ipunguze. Acha kabla kilima cha nyuma hakijawa cheusi kama kilicho mbele yake.