KIFAFA SI LAANA: MASHINE INAYOSAKA KOVU UBONGONI

Ni mara ngapi umemwona mtu akianguka sokoni Kibuye au ufuoni Dunga, na watu wakatoroka ati povu lake linaambukiza? Wajaluo huuita ugonjwa huu ndulme. Wengine husema ni jini, wengine laana ya ukoo. Kumbe kifafa ni ugonjwa wa ubongo, kama vile pumu ilivyo ya mapafu. Hakiambukizi hata kidogo, na siku hizi chanzo chake mara nyingine huonekana pichani.

Kifafa ni nini?

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Nyingi zikilipuka kwa pamoja, mtu huanguka na kutetemeka, au huduwaa tu kwa muda. Kwa wagonjwa wengi fujo hiyo huanzia mahali pamoja padogo: kovu lililoachwa na malaria iliyopanda kichwani, uzazi wa taabu, ajali ya bodaboda, au viluwiluwi vya tegu wa nguruwe. Haya yote tunayo hapa kandokando ya Ziwa Viktoria. Jihadhari: mayai ya tegu hutoka katika kinyesi cha mtu, yakaingia kinywani kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa. Basi choo na sabuni ni kinga!

Mashine ya MRI

Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walituzwa Nobel mwaka wa 2003 kwa kazi iliyozaa mashine hii. Haitumii eksrei. Ni sumaku kubwa yenye tundu, na mgonjwa hulazwa ndani yake. Mwili wetu umejaa maji, na chembe za haidrojeni zilizomo majini hufuata sumaku hiyo. Mawimbi ya redio huzisukuma. Zikirudi mahali pake hutoa ishara, nayo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Kovu lina maji tofauti na ubongo mzima, kwa hivyo hujitokeza.

Hata hivyo, picha ya kawaida yaweza kulipita kovu dogo. Ukikata mkate vipande vinene, zabibu iliyofichika katikati ya kipande utaionaje? Ndiyo maana mwaka wa 2019 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kifafa ilipendekeza picha za vipande vya milimita 1, visivyoachiana nafasi. Mashine nyingi zina nguvu ya tesla 1.5 au 3, lakini zipo za tesla 7, zinazofichua makovu madogo zaidi.

Inamfaa nani?

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zifaazo, kwa mfano fenobabitoni, ambayo ni ya bei nafuu. Picha hizi zina maana hasa kwa wale ambao dawa mbili zimeshindwa kuwatuliza. Kovu likionekana, na kipimo cha umeme wa ubongo kikielekeza papo hapo, madaktari wanaweza kuliondoa kwa upasuaji. Tusidhani haya ni ya Ulaya tu: ripoti ya mwaka wa 2009 ilieleza upasuaji wa aina hiyo uliofanywa Mbale, Uganda, kwa kutumia picha za CT na kipimo hicho cha umeme.

Tufanye nini?

Mwenzako akianguka, usikimbie. Ondoa vitu vigumu, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni wala kumbana. Akizidisha dakika 5, mpeleke hospitali, iwe ile ya Jaramogi Oginga Odinga tunayoiita Russia au yoyote iliyo karibu. Asiende kuvua wala kuogelea peke yake, na asiache dawa bila kuambiwa na daktari.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mgonjwa anayefichwa nyumbani hatapigwa picha yoyote. Wanafunzi wenzangu, tuwatoe mafichoni!