Kutoka Zizini Hadi Sahani ya Mtoto

 

Leo tuna swali. Mama mmoja anafuga ng'ombe wawili na samadi imejaa tele nyuma ya zizi. Lakini sukuma wiki yake, iliyo hatua chache tu kutoka hapo, imedumaa na majani ya chini yamegeuka manjano. Anauliza, "Mbolea ninayo, mbona haifiki?" Ni swali zuri, kwa maana kisichofika kwa sukuma hakitafika kwa mtoto.

Tuifuate safari yenyewe. Majani ya chini yakiwa manjano, mara nyingi mmea umekosa naitrojeni, ambayo huutumia kujenga protini na rangi ya kijani. Ng'ombe akila nyasi, sehemu kubwa ya naitrojeni humtoka tena, na nyingi yake imo katika mkojo, si kinyesi peke yake. Ile harufu inayowasha pua zizini asubuhi ni naitrojeni inayopaa hewani. Iliyobaki, mvua inaiosha hadi mtoni. Kwa hivyo, mama, tandika mabua au maganda ya maharagwe zizini yanyonye mkojo, halafu lifunike rundo lako kwa majani ya mgomba.

Usipeleke samadi mbichi kwenye mboga. Ina vijidudu vya kuharisha, na mtoto akiharisha hupoteza madini ya zinki. Ndiyo maana kliniki humpa dawa ya zinki pamoja na ORS. Itakuwa hasara iliyoje kumletea ugonjwa kupitia mboga uliyoikuza ili apate nguvu!

Tengeneza mboji. Panga tabaka la mabua makavu, tabaka la majani mabichi, samadi, udongo kidogo, kisha nyunyiza maji. Wenzetu wa Vihiga na Siaya wana tithonia, ile ya maua ya manjano inayoota kando ya barabara; majani yake yana naitrojeni nyingi, nayo ni bure. Chomeka kijiti kirefu katikati ya rundo. Baada ya siku chache kichomoe ukishike: kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Joto la nyuzi 55 au zaidi, likidumu siku kadhaa, huua vijidudu vingi na mayai ya minyoo. Lakini pembeni rundo huwa baridi, kwa hivyo ligeuze, ya nje yaingie ndani. Mboji iliyoiva hunuka udongo, si samadi.

Ikishaingia shambani, usitarajie yote msimu wa kwanza. Wanasayansi huweka alama kwenye naitrojeni kwa kutumia aina yake iliyo nzito kidogo, kisha huitafuta katika udongo na majani. Wameona kwamba mmea huchukua sehemu tu, na nyingine hubaki udongoni kwa misimu inayofuata.

Mizizi huchukua pia fosforasi, zinki na chuma. Vitamini A je? Hiyo haimo katika samadi. Mmea wenyewe hutengeneza kiini chake ndani ya jani la kijani, na mwili wa mtoto ndio humalizia kazi. Jani la manjano haliwezi kazi hiyo sawasawa.

Sasa tumefika jikoni, na hapa ndipo wengi wetu hupoteza. Chuma cha mboga za majani huingia mwilini kwa shida. Kamua limau kidogo juu ya managu au terere iliyoiva, au mpe mtoto kipande cha chungwa wakati wa kula, na chuma kitaingia zaidi. Chai ya majani hukizuia, nasi tunapenda kumnywesha mtoto chai pamoja na chakula! Ikatae. Tia mafuta kijiko kimoja ili vitamini A ipite. Usichemshe mboga kupita kiasi kisha ukamwaga supu yake.

Mtoto akitimiza miezi 6, akiba ya chuma aliyozaliwa nayo inakwisha. Aendelee kunyonya, huku ukimpondea mboga hizo pamoja na maharagwe, na yai au omena ikipatikana.

Na ukitoka kugeuza mboji, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika. Tukutane wiki ijayo, saa kama hii.