Anayehesabu samaki naye aambiwe hesabu

Kabla ngege hajafika kikaangoni Kaloleni, Kisumu, huenda amekwishapimwa ufuoni na mvuvi mwenye kalamu. Ndugu msomaji, huo nao ni utafiti.

Ziwa Victoria ni pana mno. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, ina kituo Kisumu, lakini haiwezi kuweka mtaalamu kila ufuo. Ndipo watu wa BMU, vikundi vya usimamizi wa fuo vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, hushirikishwa. Katika siku zilizopangwa, huandika chombo, aina ya wavu na uzito wa samaki wa mashua chache. Wastani wake huzidishwa kwa idadi ya mashua zilizovua, likapatikana kadirio la ufuo mzima.

Mwenyeji ana faida yake. Omena huuzwa kwa karai, na yeye anajua karai la kwao hubeba kilo ngapi.

Tatizo ni kuaminiana. Mwenye wavu wa macho madogo ataficha, akihofia daftari litaleta msako. Mwandishi naye ni jirani yake, tena anapoteza nusu siku ya riziki. Asipolipwa, atabuni tarakimu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari lisitumike kukamata watu, mwandishi apewe posho, na matokeo yasomwe ufuoni kwa lugha ya wavuvi. Nasi wa Pwani tuna BMU zizi hizi. Tudai hivyo hivyo.