Fundi, Kabla Hujafomati

Laptopu ikigoma kuwaka huko Kibera, mwenyewe huitia mkobani akaelekea kwa fundi, Makina, Olympic au kando ya soko la Toi. Ikigomea Kawangware, safari ni ya Naivasha Road, ama vichochoro vya Gatina. Fundi mwenye haraka huitazama skrini kidogo, kisha huuliza kama aweke Windows mpya. Bei inajulikana, kazi ni ya saa moja au mbili, na mashine hurudi ikiwa safi na yenye kasi. Mteja hulipa kwa M-Pesa, akaenda zake ameridhika. Jioni anafungua folda ya picha na kukuta ni tupu.

Ndani ya laptopu hizi mna tasnifu ya mwanafunzi aliyebakisha wiki mbili awasilishe, hesabu za chama, alama za darasa zima alizokusanya mwalimu, na picha za harusi ambazo mpigapicha hajawakabidhi maarusi. Intaneti ya kununua kwa bando haimruhusu mtu kupakia gigabaiti hamsini za video ziende kuhifadhiwa mtandaoni, kwa hiyo nakala ni ile moja tu iliyo kwenye diski. Thamani ya vitu hivyo huizidi mashine yenyewe, na ndiyo maana nasema kufuta diski kabla ya kujua kilichoharibika ni kumkosea mteja, hata kama ameitikia. Ameitikia bila kuelezwa.

Mashine nyingi zinazofika kwenye meza hizo hazijafa. Ni za mitumba, zile za ex-UK zinazouzwa katikati ya jiji pale Luthuli Avenue na Moi Avenue, na aghalabu betri zake zilichoka kitambo. Stima ikipotea, nazo huzima papo hapo. Windows ikiwa katikati ya kujisasisha wakati huo, baadhi ya faili zake hubaki nusunusu, na kesho yake skrini huwa ya buluu au nyeusi. Hakuna anayebomoa nyumba ya mabati kwa sababu ya tundu moja la msumari, lakini kwenye kompyuta tumezoea kubomoa.

Dawa ya kasoro hiyo imo ndani ya Windows yenyewe. Ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, hufungua ukurasa wa matengenezo. Hapo fundi anaweza kuiagiza irekebishe namna inavyowaka, au airudishe katika hali iliyokuwa nayo tarehe fulani ya nyuma, ikiwa kumbukumbu ya tarehe hiyo ilihifadhiwa, bila kugusa hati za mwenyewe. Anaweza kuiwasha katika Safe Mode, ambapo huwaka na vile vilivyo vya lazima tu, akaondoa programu au draiva iliyoleta balaa. Amri ya sfc /scannow hukagua faili za mfumo moja baada ya nyingine na kubadilisha zilizoharibika kwa nakala nzima zilizohifadhiwa. Nakala hizo nazo zikiwa mbovu, kuna amri ya DISM ya kuzitengeneza, ingawa hiyo huenda ikahitaji bando. Hata mambo yakishindikana, tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna njia ya kuweka upya mfumo huku faili za mtumiaji zikibaki, japo programu alizojiwekea zitaondoka.

Dunia nzima ilipata somo hili Ijumaa ya Julai 19, 2024. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye hitilafu, na kwa hesabu ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Ndege zilikwama, hospitali na benki zikahangaika. Zile ambazo hazikuinuka zenyewe, mafundi waliziwasha katika Safe Mode, wakaitafuta faili ya sasisho hilo, wakaifuta, basi. Fundi ambaye angekimbilia kufomati siku hiyo angeyapoteza yote kwa ajili ya faili moja.

Kuna ugonjwa mwingine ambao Windows mpya huuficha tu. Diski za zamani, zile zinazozunguka, huchakaa na kuanza kuwa na sehemu zisizosomeka. Ukiweka mfumo mpya juu ya diski ya namna hiyo, utafanya kazi wiki kadhaa kisha ugome tena, na mteja atalipa mara ya pili kwa kosa lilelile. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo huonyesha afya ya diski kwa dakika moja. Ikionekana inakufa, hata matengenezo yasubiri, kwa maana kila kuisoma na kuiandika huisukuma kaburini. Washa mashine kwa mfumo wa Linux ulio kwenye flashi, nakili kwanza hati na picha kwenye diski ya nje, ndipo uanze kushika bisibisi. Iwapo diski imefungwa kwa BitLocker, utahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi hukaa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenyewe, na hapo yeye lazima awepo.

Waliokwisha kufutiwa diski bado wana la kufanya, mradi wakome mara moja kuitumia mashine. Kwenye diski ya kuzunguka, kufomati kwa haraka hufuta orodha ya faili tu, na zenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwenye SSD matumaini ni haba, kwani Windows huiarifu diski kwamba nafasi imeachwa wazi, nayo huisafisha. Aliyewekewa mfumo mpya bila kufomati aangalie folda ya Windows.old, maana huenda vitu vyake vyote vimo.

Hata hivyo zipo nyakati ambapo nitamwambia fundi afute, na afute kabisa. Laptopu uliyonunua jana mitumba, ambayo hujui aliyeishika wala alichoiwekea, isianze kazi kabla ya kusafishwa. Vivyo hivyo kompyuta ya saiba iliyoingiwa na programu ya kunasa nywila. Kwenye kompyuta hiyo watu huingia eCitizen, hujaza marejesho ya KRA kabla ya Juni 30, huomba mkopo wa HELB, huacha nakala za vitambulisho. Kuitibu nusunusu ni kuwaweka jirani zako hatarini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamdai mwenye saiba azilinde taarifa hizo. Nazo zile Windows za kuvunjwa, zinazoamshwa kwa kijiprogramu cha kupokezana kwenye flashi, mara nyingi ndizo huleta maradhi.

Lakini mafundi wasibebe lawama peke yao. Sisi wateja hulipa kinachoonekana. Fundi akitumia saa tatu akitafuta kosa, akalipata na kulirekebisha kwa amri moja, tutamwambia hakufanya kitu. Akifuta kila kitu, tunaona kazi. Ada ya uchunguzi, ndogo na iliyotajwa mapema, ingempa fundi wa Kibera na wa Kawangware sababu ya kutafuta ugonjwa kabla ya kukata.

Suala hili sasa limekuwa la dharura. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inataka kipengele cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ex-UK nyingi zimeachwa nje. Masasisho ya nyongeza ya usalama yapo kwa wanaojiandikisha, ila muda wake una mwisho, na wengi watashawishiwa kufuta na kuweka kitu kingine. Linux Mint ni jibu la heshima kwa mashine hizo. Mwenye saiba asiiweke kwa kukisia, kwani inawaka kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. Asubuhi ambayo wateja ni wachache aiwashe hivyo, ajaribu printa, ajaribu skana, kisha afungue fomu ya Excel ya marejesho ya KRA yenye makro zake aone kama inakubali kujazwa.