Usimulizi Upya wa Riwaya za Mapenzi: Kikwazo cha Wapendanao na Mazingira ya Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa mambo yanayoipa kazi ya fasihi maisha marefu ni kule kusimuliwa kwake tena na tena na watu wa vizazi na nchi mbalimbali. Riwaya za mapenzi zimebahatika sana katika jambo hili. Riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1813, ilizaa riwaya ya Helen Fielding, Bridget Jones's Diary, mwaka 1996, na filamu ya Gurinder Chadha, Bride and Prejudice, mwaka 2004, ambayo ilikihamishia kisa hicho katika mji wa Amritsar, India.

Makala hii inakusudia kueleza ni kitu gani hasa huhama pale kisa cha mapenzi kinaposimuliwa upya, na jambo hilo lina maana gani kwa mwandishi anayetaka kukiweka kisa cha namna hiyo katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Hoja inayotetewa ni kwamba kiini cha kisa cha mapenzi ni kikwazo kinachowatenga wapendanao. Majina, mavazi na mandhari vinaweza kubadilishwa kwa siku moja. Lakini kikwazo kisipopata mzizi katika jamii mpya, kisa hubaki mgeni hata kikivikwa majina ya wenyeji.

2.0 Kikwazo na Msuko

Katika riwaya ya Austen, mapenzi hayatenganishwi na urithi. Bwana Bennet ana mabinti watano, na shamba lake limefungwa kwa masharti yanayolipeleka kwa ndugu wa kiume. Kwa hiyo, kuolewa kwa mabinti hao ni suala la kupata pa kuishi baada ya baba kufa. Msomaji asiyeelewa sharti hilo ataona kichekesho tu mahali ambapo mama mzazi ana hofu ya kweli.

Kikwazo cha aina hiyo si kigeni mkoani Kagera. Katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu huko Mwanza iliamua mwaka 1990 kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume, kinyume cha kanuni ya mila ya Kihaya iliyomnyima haki hiyo. Mwandishi atakayemhamisha Bwana Bennet hadi Kagera hana haja ya kuazima magari ya farasi wala dansi za Kiingereza. Suala la shamba la ukoo na mabinti analo tayari, pamoja na swali ambalo Austen hakuwa nalo: inakuwaje sheria inapompa binti haki ambayo ukoo bado unasita kuitambua?

Njia nyingine ya usimulizi upya ni kumpa sauti mhusika aliyenyamazishwa. Jean Rhys, katika Wide Sargasso Sea (1966), alimwendea mke wa kwanza wa Rochester, ambaye katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847) amefungiwa ghorofani kama mwendawazimu, akayasimulia maisha yake tangu utotoni. Kisa kinabaki kile kile, lakini lawama inahama.

3.0 Mfano wa Jirani: Musekeweya

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na Kihangaza na Kishubi ni lugha za kundi moja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Kwa sababu hiyo, mfano wa Rwanda una uzito wa pekee hapa. Mwaka 2004 shirika la Radio La Benevolencija lilianzisha mchezo wa redio uitwao Musekeweya, yaani mapambazuko mapya. Mchezo huo unahusu vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, na wapendanao wawili, Batamuliza na Shema. Umbo lake linafanana na la Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare.

Tofauti iliyopo ndiyo yenye mafunzo. Shakespeare hasemi kamwe ugomvi wa koo zake mbili ulianzia wapi. Kwake inatosha kwamba ni wa kale. Waandishi wa Musekeweya hawakuweza kuliacha jambo hilo gizani, kwa kuwa waliandika kwa ajili ya jamii iliyopitia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Wanaonyesha chanzo, nacho ni ardhi yenye rutuba iliyogawanywa kwa upendeleo, kisha wanaonyesha jinsi kiongozi anavyoigeuza dhiki ya watu kuwa chuki.

Ngara inayajua matokeo ya chuki hiyo. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakakusanyika Benaco. Mwaka uliofuata Radio Kwizera ilianzishwa wilayani humo na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi. Katika mahali penye kumbukumbu hiyo, kisa cha wapendanao wanaotenganishwa na mpaka au kambi kisingehitaji kuazima kikwazo Verona.

4.0 Kitereza na Swali la Utasa

Si lazima chanzo kitoke ng'ambo. Aniceti Kitereza (1896–1981) wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Kikerewe, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980 katika majuzuu mawili: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Hii ni riwaya ya mapenzi ya watu waliokwisha kuoana. Hawajapata mtoto, Bugonoka anasimangwa na ndugu wa mume, na wazazi wake wanamchukua. Myombekere anawaendea wakwe, anatozwa pombe ya ndizi, anamrejesha mkewe, na hatimaye wanapata tiba kwa mganga Kibuguma.

Kikerewe kiko karibu na Kizinza, kinachosemwa pia Biharamulo, na Biharamulo ya zamani ilifika ziwani kabla wilaya ya Chato haijatengwa nayo mwaka 2005. Ngara iko mbali na ziwa, na lugha zake ni za kundi jingine. Msimulizi wa Ngara atalazimika kuacha habari za uvuvi. Lakini migomba, pombe ya ndizi na heshima kwa wakwe havihitaji kuelezwa.

Kilichobadilika zaidi ni kikwazo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wanaooana, na inatamka kwamba kutolipwa kwa mahari hakubatilishi ndoa. Tena, utabibu umethibitisha kwamba chanzo cha ugumba chaweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili. Kwa hiyo, msimulizi wa leo hawezi kumwacha Bugonoka abebe lawama peke yake bila kumfanya msomaji aulize kwa nini Myombekere hakupimwa. Njia ya Rhys inafaa hapa: kumwachia Bugonoka asimulie zile siku alizokaa kwa wazazi wake, akisubiri wanaume wakubaliane kuhusu mitungi ya pombe.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba usimulizi upya hufaulu pale mwandishi anapokitambua kikwazo cha kisa asilia, akatafuta kikwazo kinacholingana nacho katika jamii anayoiandikia, kisha akakubali kwamba mabadiliko hayo yatagusa msuko na hata mwisho wa kisa. Austen anadai shamba la ukoo, Shakespeare anadai chanzo cha uhasama, na Kitereza anadai swali la nani alaumiwe kwa nyumba isiyo na mtoto. Maswali yote matatu yana wenyewe Ngara na Biharamulo. Kijana wa huko anayesomeshwa visa vya mapenzi vilivyobadilishwa majina tu hujifunza kwamba mapenzi ni mambo ya watu wengine. Akikutana na kikwazo anachokijua nyumbani kwao, huanza kuuliza kama hakina budi kuwapo.