Kona za Bafu Lenye Vigae na Kifua cha Mwenye Pumu

Mstari mweusi unaojitokeza kwenye kona za bafu lenye vigae huhesabiwa na wengi kuwa uchafu tu. Husuguliwa kwa brashi na jiki, ukapotea kwa siku chache, kisha ukarejea palepale. Kurejea huko kuna sababu yake, na katika nyumba yenye mgonjwa wa pumu yafaa sababu hiyo ijulikane kwa mgonjwa mwenyewe na kwa anayemtibu.

Kigae kilichochomwa vizuri na kupakwa mng'ao hakipitishi maji. Maji hupita kwenye viungo. Mafundi wengi hujaza viungo vyote, vya katikati ya ukuta na vya kona, kwa saruji nyeupe au grauti, ambazo zikikauka huwa ngumu na zenye vinyweleo. Katikati ya ukuta ugumu huo hauleti shida kubwa, kwa kuwa vigae vya ukuta mmoja husogea pamoja. Kona ni jambo jingine kabisa. Hapo hukutana kuta mbili, au ukuta na sakafu, na kila upande una mwendo wake: hutanuka kwa joto, husinyaa kwa baridi, na nyumba mpya huendelea kutulia juu ya msingi. Mwendo huo ni mdogo mno kuonekana kwa jicho, lakini saruji haivutiki; hupasuka. Ufa mwembamba kama unywele watosha. Maji huvutwa ndani yake kama utambi uvutavyo mafuta ya taa, na yakishafika nyuma ya kigae hukawia sana kukauka. Jiki husafisha uso, nao unyevu ukabaki ndani.

Ndiyo sababu mwongozo wa uwekaji vigae unaotumika Marekani huagiza kwamba mahali popote nyuso mbili zinapokutana pajazwe kitu kinachonyumbulika, wala si grauti. Kwa bafu, kitu hicho kwa kawaida ni silikoni.

Kuvu hahitaji mengi ili astawi. Unyevu ukiwapo, mabaki ya sabuni, mafuta ya mwili na chembe za ngozi humtosha kuwa chakula. Katika mabafu huonekana mara kwa mara jamii za Cladosporium, Aspergillus, Penicillium na Exophiala. Hizi hutoa mbegu na vipande vidogo sana vinavyoelea hewani na kuvutwa kwa pumzi. Kwa mtu mwenye mzio, njia za hewa huvimba, misuli yake hubana, makohozi huongezeka, na kifua huanza kukorota. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likaeleza kwamba wakaao katika nyumba za namna hiyo hupata zaidi dalili za mfumo wa hewa, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Shirika hilo halikuweka kiwango cha mbegu za kuvu kinachohesabiwa kuwa salama. Lilishauri unyevu wenyewe uzuiwe na uondolewe. Kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaikia kipimo cha maabara cha ukungu wa bafuni. Unaoonekana kwa macho au kunuka umekwisha kujieleza, na weusi wa rangi yake haupimi ukali wake.

Mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana, kwa mfano anayetibiwa saratani ya damu au aliyepandikizwa kiungo, yumo katika hatari ya namna nyingine: kwake Aspergillus aweza kuota ndani ya pafu lenyewe. Huyo hapaswi kukwangua wala kusugua ukungu, hata kidogo.

Hata hivyo ukungu usigeuzwe kisingizio. Kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi hupimwa kifua kikuu kwanza, na mwenye virusi vya UKIMWI hupimwa kwa kikohozi cha muda wowote, hata kama kona zote za bafu lake ni nyeusi.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Rochdale, Uingereza, ambako mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020. Uchunguzi wa kisheria uliohitimishwa Novemba 2022 ulieleza kuwa alikufa kwa maradhi makali ya njia ya hewa yaliyotokana na kuishi kwa muda mrefu katika nyumba yenye ukungu. Baba yake alikuwa amelalamika. Akaambiwa apake rangi juu yake.

Kupaka silikoni mpya juu ya kiungo kibovu ni kosa la ukoo huohuo, na ndilo linalofanywa zaidi. Silikoni haishikani vyema na silikoni ya zamani, wala na grauti iliyolowa. Grauti ya kona hukwanguliwa yote, ikiwa imeloweshwa kidogo ili mbegu zisitimke, na anayefanya kazi huvaa barakoa ya N95. Kisha bafu huachwa bila kutumika hadi kiungo kikauke hasa. Msimu wa masika ukanda wa pwani, siku mbili tatu huenda zisitoshe. Kingo hufutwa kwa spiriti. Ufa ukiwa na kina kirefu, husukumizwa kwanza uzi wa sponji, ili silikoni ishike pande mbili tu na kubaki huru kuvutika. Ikishika na mgongo pia, huchanika mapema. Chupa ya mililita 300 hutosha takriban mita 12 za kiungo chenye upana na kina cha milimita 5. Huchaguliwa aina ya bafuni, yenye dawa ya kuzuia kuvu, na maji hayafunguliwi kabla ya saa 24 au muda ulioandikwa kwenye chupa.

Silikoni nyingine hutoa harufu kali ya siki inapokauka. Harufu hiyo ni asidi ya asetiki, nayo huweza kumbana mwenye pumu. Afadhali alale kwingine usiku huo, madirisha yakiwa wazi, au fundi atumie aina isiyotoa asidi, ambayo pia haili mawe ya asili. Ieleweke vilevile kwamba silikoni haimalizi kila kitu: ikiwa ukuta nyuma ya vigae haukupakwa dawa ya kuzuia maji, au bomba linavuja ndani, unyevu utatokea penginepo.

Lipo onyo moja lisilo na mjadala. Jiki haichanganywi na dawa ya choo yenye asidi wala siki, kwani huzaa gesi ya klorini. Wala haichanganywi na amonia. Bafu dogo lililofungwa hujaa gesi hiyo haraka, na mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, mtu akiwa ameshadhani amepona. Aliyevuta gesi hiyo hutolewa nje penye hewa safi na kupelekwa hospitali.

Kliniki ya pumu huuliza kuhusu moshi, vumbi na paka. Swali la bafu huchukua nusu dakika: je, kuna weusi kwenye kona, na hurudi baada ya muda gani? Mpangaji asiye na idhini ya kugusa ukuta aweza kupewa barua fupi ya kliniki ya kumwonyesha mwenye nyumba. Wakati huo huo mgonjwa aandike ni mara ngapi kwa wiki anavuta dawa ya kufungua kifua, aendelee kuandika baada ya ukarabati, na daftari hilo aje nalo kliniki.