Kukinga na Kukingwa: Manjano, Oksidisho na Seli Nyeupe za Damu

Utangulizi

Janga la korona lilipoingia nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2020, tangawizi, malimau, vitunguu saumu na manjano vilitafutwa sokoni kama maji wakati wa kiangazi. Katika nyumba nyingi, sufuria za michanganyiko hiyo zilitokota asubuhi na jioni. Sababu iliyotolewa na wengi ilikuwa moja: "Huongeza kinga ya mwili." Makali ya janga hilo yamepungua, lakini sentensi hiyo ingalipo. Imo kwenye vibandiko vya chupa, imo redioni, na imo vinywani mwa wauzaji wa dawa za miti shamba. Aghalabu sentensi hiyo huungwa mkono kwa dai la pili, kwamba wanasayansi wamethibitisha mmea fulani "huzuia oksidisho" katika seli za binadamu.

Makala haya yanadhamiria kuyachunguza madai hayo mawili kwa kutumia mmea mmoja tu, yaani manjano, ambayo mahali pengine huitwa binzari. Swali la msingi ni hili: dondoo la manjano linapokutana na seli nyeupe za damu, ni nini hasa hutokea? Itadhihirika kwamba kuna tofauti kubwa baina ya seli kukingwa na seli kukinga. Kiswahili huibeba tofauti hiyo kwa kiambishi kimoja kidogo cha kutendwa, -w-, lakini wanenaji wengi wa mambo ya tiba huisahau.

Oksidisho ni nini?

Ndizi mbichi ikimenywa na kuachwa kwenye sinia, haichukui muda kabla ya kuanza kuwa nyeusi. Chuma kikiachwa mvuani hushika kutu. Mafuta ya kupikia yakikaa muda mrefu huchacha. Mabadiliko haya yote yana asili moja: oksijeni, au kemikali zinazotokana nayo, imezinyang'anya molekuli nyingine elektroni zake. Unyang'anyi huo ndio uitwao oksidisho.

Katika mwili wa binadamu, wanyang'anyi wakuu ni pamoja na zile ziitwazo radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni iliyokosa mwenzake. Molekuli ya namna hii haitulii mpaka imwibie jirani. Jirani aliyeibiwa naye huenda akamwibia mwingine, na msururu wa uharibifu ukaendelea hadi kwenye utando wa seli, kwenye protini, au kwenye jeni zenyewe. Itafaa kutaja hapa kwamba tafsiri za mashine huzipotosha radikali huru kwa kuziita "itikadi kali", kana kwamba kemia ni tawi la siasa. Kosa hilo linachekesha, lakini msomaji anayetafuta habari za afya yake hana la kucheka.

Kizuiaoksidisho, basi, ni kitu chochote kinachoweza kumpa mnyang'anyi elektroni bila chenyewe kugeuka mnyang'anyi mkali. Vitamini C hufanya hivyo, na hali kadhalika kemikali nyingi za mimea. Katika manjano, kemikali inayotajwa sana ni kurkumini, ambayo ndiyo huyapa manjano rangi yake. Kurkumini ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1815.

Moto wa askari

Kufikia hapo, hadithi inaonekana rahisi: oksidisho ni adui, kizuiaoksidisho ni rafiki. Hata hivyo, seli nyeupe za damu huivuruga hadithi hiyo.

Miongoni mwa seli hizo, zilizo nyingi zaidi kwa mtu mzima ni neutrofili. Kwa kawaida huwa zaidi ya nusu ya seli nyeupe zote zilizomo katika damu. Kazi yake ni kukimbilia mahali vijidudu vilipovamia, kuvimeza, na kuviua. Silaha yake mojawapo ni oksidisho lenyewe. Neutrofili ikishammeza adui, kimeng'enya kilichomo katika utando wake huichukua oksijeni na kuigeuza superoksaidi, ambayo ni radikali huru. Mwaka 1973, Bernard Babior na wenzake walionyesha kwamba seli nyeupe huitengeneza kemikali hiyo kwa makusudi. Kutokana na superoksaidi hupatikana haidrojeni peroksaidi, na kutokana na peroksaidi hiyo kimeng'enya kingine hutengeneza asidi ya haipoklorasi, ambayo ni jamaa wa karibu sana wa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Kimeng'enya hicho cha pili kina rangi ya kijani, na ndicho kinachochangia ukijani unaoonekana kwenye usaha.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Neutrofili hupigana kwa kuchoma. Ushahidi wa umuhimu wa moto huu unapatikana katika ugonjwa wa kurithi ulioelezwa na madaktari katika miaka ya 1950. Watoto wenye ugonjwa huo huzaliwa na kasoro katika kile kimeng'enya cha kwanza. Seli zao humeza vijidudu vizuri, lakini haziwezi kuwasha moto wa kuviteketeza, nao watoto hushambuliwa tena na tena na bakteria na kuvu. Ni dhahiri kuwa mwili usiokuwa na oksidisho lolote haungekuwa mwili wenye kinga imara. Ungekuwa mwili uliopokonywa silaha.

Hata hivyo, moto hauchagui. Ukizidi, au ukiwaka pasipo adui, huiunguza nyumba. Katika ugonjwa wa baridi yabisi, kwa mfano, seli za kinga huvishambulia viungo vya mwili wenyewe na kuvisababishia uvimbe na maumivu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa sababu hii, seli nyeupe nazo zina akiba ya vizuiaoksidisho vya kujihifadhi. Hukusanya vitamini C kwa wingi kuliko ilivyo katika majimaji ya damu yaliyozizunguka, na hutengeneza glutathioni yao wenyewe. Kinga, kwa hiyo, ni mizani. Upande mmoja umebeba moto, na upande wa pili umebeba maji.

Kutoka sufuria hadi maabara

Dondoo la mmea ni kile kinachotolewa ndani ya mmea kwa kuulowesha, kuuchemsha au kuukamua. Jikoni, manjano huchemshwa kwa maji au maziwa. Maabarani, mara nyingi hulowekwa katika alkoholi, kwa kuwa kurkumini haipatani na maji. Hapa pana tofauti ya kwanza isiyotajwa na matangazo: kinachopimwa maabarani huenda kisiwe kile kilichomo kikombeni.

Kipimo cha kwanza huwa hakina seli hata moja. Watafiti hutumia kemikali yenye radikali huru isiyobadilika upesi, ambayo rangi yake ni zambarau. Njia hii ilielezwa na Marsden Blois mwaka 1958. Dondoo likiipa kemikali hiyo elektroni, zambarau hufifia na kuelekea manjano. Kadiri rangi inavyofifia, ndivyo dondoo linavyohesabiwa kuwa na nguvu. Kipimo hiki ni rahisi na cha haraka, lakini kinaeleza tabia ya kemikali ndani ya chupa tu. Mwaka 2012, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa hadharani orodha yake ya vyakula vilivyopangwa kwa vipimo vya aina hii, kwa kuwa tarakimu hizo zilikuwa zikitumiwa vibaya kuuza bidhaa.

Hatua inayofuata ndiyo inayohusu seli. Damu ya mtu aliyejitolea humiminwa juu ya kimiminika chenye uzito maalumu, kisha huzungushwa kwa kasi katika mashine. Seli nyekundu hutua chini, na limfosaiti pamoja na monosaiti hubaki katika utepe mwembamba katikati. Ufundi huu uliasisiwa na Arne Bøyum wa Norwe mwaka 1968, na ungali unatumika. Seli zilizopatikana huwekewa dondoo, na baada ya hapo jaribio huweza kufuata mojawapo ya njia mbili.

Katika njia ya kwanza, seli hufanywa mhanga. Mtafiti huzimwagia haidrojeni peroksaidi, kisha huhesabu zilizokufa na zilizosalia. Ikiwa zilizotangulia kupewa dondoo zimesalia kwa wingi zaidi, husemwa kuwa dondoo limezikinga. Katika njia ya pili, seli hufanywa askari. Neutrofili huchokozwa kwa kemikali ili ziwashe moto wao, na mtafiti hupima kiasi cha moto huo. Ikiwa zilizopewa dondoo zimewasha moto mdogo, hapa pia husemwa kwamba dondoo limezuia oksidisho. Kurkumini imewahi kuonyesha matokeo ya namna zote mbili.

Hapa ndipo kiini cha suala hili kilipo. Matokeo ya njia ya kwanza yana maana kwamba seli zimekingwa. Matokeo ya njia ya pili yana maana kwamba silaha ya seli imepunguzwa makali. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi, hiyo huenda ikawa habari njema. Kwa mtu aliyevamiwa na bakteria, huenda isiwe njema hata kidogo. Wala hakuna mojawapo kati ya matokeo hayo linaloonyesha kwamba kinga imeongezeka.

Rangi inayodanganya

Manjano yana hila nyingine, na hila hiyo imo katika jina lenyewe. Kiungo hiki kiliipa lugha ya Kiswahili jina la rangi, na rangi hiyohiyo huwatatiza wapimaji. Ili kupima oksidisho ndani ya seli, watafiti hutumia rangi maalumu inayong'aa kijani ikioksidishwa. Kurkumini nayo hung'aa inapomulikwa, na mng'ao wake huingiliana na ule unaopimwa. Mtafiti asiyekuwa mwangalifu anaweza kusoma mng'ao wa dawa akidhani anasoma hali ya seli. Isitoshe, kiyeyushi kinachotumika sana kuingiza kurkumini katika seli huweza chenyewe kunasa baadhi ya radikali huru. Ndiyo maana jaribio la kuaminika lazima liwe na kundi la seli zilizopewa kiyeyushi pekee, na chombo kingine chenye dawa pasipo seli. Mwaka 2017, wanakemia waliochapisha tathmini pana kuhusu kurkumini waliitaja kuwa miongoni mwa kemikali zinazotoa majibu ya uongo katika vipimo vingi.

Suala la kipimo

Tuseme jaribio limefanywa kwa uangalifu wote. Bado lipo swali la kiasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001 nchini Taiwani, wagonjwa waliomeza gramu 8 za kurkumini kwa siku walipatikana na wastani wa takriban maikromola 1.8 tu katika damu. Katika maabara, ni jambo la kawaida seli kupewa maikromola 10, 20 au zaidi. Unga wa manjano una kurkumini ya takriban asilimia 3. Ili kupata gramu 8, mtu angelazimika kula zaidi ya robo kilo ya unga huo kwa siku moja. Sembuse kijiko kimoja ndani ya kikombe cha maziwa?

Kuzidisha kipimo kwa njia ya vidonge nako si salama kwa hakika. Mwaka 2019, mamlaka za afya nchini Italia zilichunguza visa vya homa ya ini vilivyohusishwa na virutubisho vya manjano. Kabla ya hapo, utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 1994 uliwahusisha wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara. Waliopewa betakarotini, ambayo ni kizuiaoksidisho maarufu, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakuipewa. Kizuri hakikosi ila.

Haya hayana maana kwamba mimea ni bure. Maelezo yanayokubalika zaidi siku hizi ni kwamba kemikali nyingi za mimea, kurkumini ikiwemo, hazifanyi kazi kwa kuzima moto moja kwa moja. Huichokoza seli kidogo. Seli ikihisi uchokozi huo, protini iitwayo Nrf2 huingia katika kiini chake na kuziamsha jeni za vimeng'enya vya kujihami. Mmea hauleti maji ya kuzimia moto. Hubisha hodi tu, na wenye nyumba wakaamka kuyateka wenyewe. Hata hivyo, jambo lililoonekana katika seli sharti lithibitishwe katika miili ya watu kabla ya kuitwa tiba.

Hitimisho

Makala haya yamejadili namna dondoo la manjano linavyohusiana na seli za kinga, na kubainisha kwamba madai ya kawaida hupitia ngazi tatu bila kuzitenga: chupa, seli, na mwili mzima. Linalothibitishwa katika ngazi moja haliwi kweli katika ngazi nyingine kwa sababu tu limetamkwa kwa sentensi ileile.

Wajibu wa wataalamu wa Kiswahili katika suala hili si mdogo. Wengi wao watakuwa wafasiri, watangazaji, wahariri na walimu, na ndio watakaoyaandika maneno ya kwenye vibandiko na vipeperushi vya hospitali. Lugha hii ina kukinga, kukingwa, kujikinga na kukingana. Ina kuongeza, kutuliza, kupunguza na kusawazisha. Mfasiri anayeandika "huongeza kinga" pale ambapo mtafiti alisema "ilipunguza oksidisho katika seli zilizochokozwa" hajarahisisha sayansi, bali amesema jambo jingine kabisa. Mgonjwa anayeacha dawa alizoandikiwa na daktari kwa kuitegemea sentensi hiyo ndiye atakayelipa gharama ya kosa hilo.

Manjano yaendelee kutiwa katika mchuzi, na mwenye kuyapenda ayanywe kwa maziwa. Linalotakiwa ni kila tendo liitwe kwa jina lake.